Samli Kwenye Kaboni

Bibi yangu aliyemzaa baba, kule Zagayu, alikuwa na maksai mmoja wa kulimia aliyeitwa Sukari. Huyo Sukari alikuwa mwekundu, pembe moja imeinama kama inasikiliza kitu, na kila msimu wa kulima nira ilimchubua shingoni. Jioni wakirudi shambani, bibi alitoka na kibuyu cha samli, akachota kwa vidole viwili, akampaka pale palipochubuka, taratibu, huku anamsemesha kile Kisukuma cha kubembelezea watoto. Mimi nilikuwa na miaka minne, au mitano, sijui. Miguu yangu ilikuwa imepauka kama jivu na hakuna aliyeipaka kitu. Nilikaa mlangoni nikamwangalia yule ng'ombe aking'aa shingo, nikamchukia. Siku moja nilimchapa ufito puani bila kosa, akabaki ananitazama tu. Bibi akaniuliza amekufanya nini, nikasema amekula samli yangu. Bibi alicheka mpaka akaketi chini. Akaniambia kinachosuguliwa ndicho kinachopakwa, sasa wewe nani amekusugua?

Maneno yale niliyaweka. Nilianza kuangalia, nikaona kweli: bibi alipaka samli kila mahali palipo na msuguano. Ekseli ya mkokoteni, bawaba za mlango, goti lake mwenyewe la kushoto. Tena alipaka na kilichopewa heshima. Mke wa baba mdogo siku ya kuletwa alipakwa mikono mpaka viwikoni, na ngoma ya mjomba ilipakwa ngozi yake kabla ya kwenda kushindana. Kwa hiyo kichwani mwangu mambo mawili yalikuwa moja: kitu kikipendwa hupakwa, na kikisuguliwa hupakwa, na mimi sikuwa nimepakwa.

Nimeanzia mbali, najua. Shule niliishia darasa la nne, naandika kama ninavyoongea, na nikiongea huwa nazunguka. Lakini nyinyi mliokula umri sawa na wangu mtanisubiri. Ni kwamba mvua hizi zilizopita tulimzika dada yangu Kabula. Baada ya matanga wanawe walifungua sanduku lake kugawana nguo, wakakuta gogo la mninga, duara kama mchi mnene, lina weusi uliozama kwenye mti usiotoka hata kwa sabuni. Hawakujua ni nini, wakaniuliza mimi. Nikalinusa. Harufu bado ipo, harufu kavu, kama ya jivu lililonyeshewa na senti ya shaba ukiiweka ulimini. Na sitawaficha, kitu cha kwanza kilichonishika moyoni hakikuwa huzuni. Ulikuwa wivu. Miaka yote ile Kabula alikuwa nalo sandukuni na hakuniambia.

Kabula alikuwa mtoto wa mama mdogo. Baba yetu alikuwa na wake wawili: mama yangu, mkubwa, alibaki Zagayu kwa bibi kulima pamba, na mama mdogo aliishi na baba kwenye nyumba za reli, stesheni ndogo upande wa Malampaka. Baba alikuwa fundi umeme wa treni. Mimi nilimjua kama mtu wa likizo. Alikuja na sabuni na mkate, akalala wiki mbili, akaondoka. Kabula alimjua kila siku ya Mungu, jasho lake, kikohozi chake, alivyopenda chai yake. Nilipofika miaka kumi wakaamua niende kwake nisome, kwa sababu shule yetu mwalimu alikuwa mmoja na yeye alikuwa na mashamba. Nikapanda lori la pamba kutoka Bariadi, nikashuka jioni nimejaa nyuzi nyeupe kichwani kama ajuza. Mama mdogo alinipokea kwa ng'wadila, salamu ya jioni, na maji ya kuoga. Hakunitesa hata siku moja. Ningefurahi kama angenitesa kidogo, ningepata cha kusema.

Baba alitoka kazini akanisalimia kwa jina langu. Halafu akamgeukia Kabula akamwambia, "Mayu, lete chai yangu." Mayu ni mama, na Msukuma humwita hivyo binti aliyemkaa rohoni. Usiku ule sikula. Wakadhani nimechoka safari.

Sasa niwaeleze ile treni, kwa sababu vijana wa siku hizi wanaona treni ya umeme ni jambo la jana. Ile yetu ilikuwa fupi, mabehewa manne ya abiria, inatoka Mwanza inaishia kwetu, si ile ndefu ya kwenda Dar es Salaam. Injini yake ilikunywa dizeli, ndiyo, lakini ukimwambia baba hiyo ni treni ya dizeli alikasirika. "Dizeli inapika tu," alisema. "Umeme ndio unaotembea." Chini, kwenye kila ekseli, kulikuwa na mota kubwa kama tumbo la ng'ombe mwenye mimba, na umeme ulishuka humo ukazungusha magurudumu. Ikifika asubuhi baba aliiacha ipoe. Halafu aliingia kwenye shimo lililo katikati ya reli, akafungua kifuniko cha mota kilicho juu ya kichwa chake, akapuliza vumbi kwa bomba la upepo, akatazama shaba iliyo ndani, ile inayozunguka. Shaba ikiwa na rangi ya kahawa iliyokaangwa vizuri, alipiga mluzi. Ikiwa nyeusi, au ina vishimo, alinyamaza, na mama mdogo akishaona kimya kile alijua chakula kitaliwa jioni.

Juu ya shaba hiyo zinakaa kaboni. Ni vipande vyeusi kama kipande cha sabuni, vimeshikwa na springi, kazi yao ni kulamba ile shaba inapozunguka ili umeme upite. Zinaisha, kama chaki inavyoisha. Na hapo ndipo palikuwa na shida. Ulikuwa wakati wa ruksa. Nchi imefunguliwa, kila mtu anauza. Treni ilijaa watu waliokuwa wakijificha na bidhaa zao mwaka juzi, sasa wamekalia magunia ya mchele na marobota ya mitumba kama machifu. Dukani sabuni ikajaa, za rangi rangi. Kila kitu kikaja isipokuwa kaboni. Baba aliandika barua kuomba kaboni mpaka kalamu ikaisha. Mwisho akaenda kwenye kinu cha pamba kilichokuwa kimefungwa, akaokota kaboni za mota iliyoungua, kubwa kuliko zetu, akaja nazo nyumbani kwenye kopo la maziwa ya unga.

Alizikata kwa msumeno wa chuma mpaka zikaingia. Lakini uso wa kaboni lazima uwe na mbonyeo unaokumbatia shaba sawasawa, usiachie. Ndipo likaja lile gogo. Alilichonga kwa kipimo cha shaba yenyewe, akalivika msasa, na kazi ya kusugua kaboni juu yake, mbele, nyuma, mbele, nyuma, ikawa yetu mimi na Kabula baada ya shule. Tulikaa kwenye mkeka kivulini, pua nyeusi, meno meusi, mama mdogo akitutania kuwa amezaa wachoma mkaa wa shetani. Kabla ya kuanza baba alitaka tusugue mikono kwa jivu mpaka ikauke. Hakusema kwa nini. Kabula hakuuliza, na mimi kwa kiburi sikuuliza kwa sababu Kabula hakuuliza.

Ukimaliza, unaiweka kaboni juu ya gogo tupu, unainua juani. Mwanga ukipenya katikati, bado. Za Kabula hazikupenya kitu. Alikuwa na mikono ya polepole, anasugua kama anamlaza mtoto. Zangu kila siku zilibaki na uzi wa mwanga upande wa kulia, kwa kuwa mimi ni wa mkono wa kushoto, nakandamiza upande mmoja. Baba akatutengea alama, tukwaruze kwa msumari: Kabula mkwaruzo mmoja, mimi miwili. Zenye mmoja zilikwenda kwenye treni ya abiria. Zenye miwili zilikwenda kwenye kile kiinjini kizee cha kupanga mabehewa ya pamba, kinachokwenda mbele hatua hamsini na kurudi hamsini, hakijawahi kufika popote.

Hamjui nilivyoumia. Treni ya abiria ikiondoka ilipiga king'ora, na Kabula alisimama kwenye ukingo wa shimo anasema, "Ile inakwenda kwa mikono yangu." Hakusema kwa ubaya. Kwa kweli alikuwa anajisemea. Lakini mimi nililiona neno lile likienda Mwanza na kurudi, na mikono yangu iko pale pale na magunia ya pamba. Nilisugua mpaka vidole vikatoa damu. Uzi wa mwanga ukabaki. Baba akaniambia taratibu, utazoea, akalitaja jina langu, na Kabula akaitwa mayu aje amshikie taa. Nikajua kuna kitu Kabula anacho ambacho si kusugua.

Basi mvua zikaanza, na bibi akatuma kibuyu kidogo cha samli kwa mtu aliyekuja na ng'ombe mnadani. Kilipofunguliwa tu, harufu ikanirudisha Zagayu, kwenye shingo ya Sukari. Nikaona jibu. Hizi kaboni zinasuguliwa mchana kutwa, kutoka kwetu mpaka Mwanza, na hakuna anayezipaka. Nilikuwa nimemwona baba akijaza grisi kwenye beringi za magurudumu kwa kidole, kidogo kidogo, akilalamika grisi ni haba. Nikaamini kaboni zimenyimwa kwa sababu ya uhaba. Nikaamini baba atashukuru. Na niseme lote: niliamini atauliza nani amefanya hivi, na nitasema mimi, na Kabula atasimama pale na mikono yake ya polepole.

Ila zenye mikwaruzo miwili zisingepanda treni ya abiria. Kwa hiyo nilisugua nane mpya, nikaziwekea mkwaruzo mmoja, wa Kabula. Nikazipaka samli, nikaziacha zinywe, kwa maana kaboni inanyonya, nikazifuta kwa kanga zikang'aa kama mbegu za ukwaju. Za Kabula nikazitoa kwenye kopo nikazificha kwenye gunia la michembe, vile viazi vilivyokaushwa. Asubuhi baba alichukua kopo bila kuangalia sana, mvua ilikuwa inakuja na mota zilitakiwa zifungwe kabla tope halijaruka. Mikono yake ilikuwa imejaa grisi ya beringi. Labda ndiyo sababu hakuhisi.

Treni ikaondoka. Nikasimama ukingoni mwa shimo pale anaposimama Kabula. Nikasema moyoni, ile inakwenda kwa mikono yangu.

Haikufika Malya, stesheni ya mbele. Stesheni masta alitoka ofisini akamwita baba, baba akachukua mfuko wa spana akaondoka na kiberenge. Mama mdogo naye, ambaye akili yake haikulala, akachemsha viazi na mayai yote yaliyokuwepo, akatubebesha, tukafuata reli kwa miguu kuuzia abiria waliokwama. Tulikuta treni imesimama katikati ya mbuga, maji pande zote, na watu wameshuka wamejaa juu ya tuta kama kunguru. Mwanamke mwenye dagaa alikuwa anafunika magunia yake na kulaani. Jamaa mmoja wa mitumba akasema, "Wametangaza biashara huru, kumbe na treni nayo iko huru kusimama." Wakacheka. Mwingine akainama akamwuliza baba, aliyekuwa chini ya injini ndani ya tope, kama anahitaji watu wa kusukuma.

Halafu ile harufu ikapanda. Moshi mweusi wa mpira ulioungua, na katikati yake harufu ya jikoni, ya mtu anayekaanga. Watu wakatazamana. Wakauliza nani anapika huko chini. Mzee mmoja mwanamke, amekaa juu ya gunia lake, akanusa akasema bila shaka yoyote kwamba hiyo ni samli, tena samli ya kwetu, ya kibuyu. Mayai yalikuwa mikononi mwangu. Nilihisi Kabula amenigeukia. Yeye ndiye aliyekuwa amekifungua kile kibuyu cha bibi, na alijua kimepungua.

Kesho yake, injini ikiwa imeshavutwa kurudi kwetu, alikuja mkubwa kutoka karakana kuu, mtu mnene mwenye viatu safi, akaingia shimoni na tochi. Sisi tulikuwa bombani tunateka maji, hatua kama ishirini. Alichokuta ni shaba imeungua nyeusi, masizi na mafuta vimeshikana kama ukoko wa sufuria, na cheche zilikuwa zimeruka kila mahali. Alimwuliza baba ameweka nini humu. Baba alisema, "Kosa ni langu." Mkubwa akamwuliza tena, kwa sauti ya chini zaidi, nani mwingine anazigusa hizi kaboni. Baba akasema hakuna mwingine.

"Bwana fundi," mkubwa akasema, "wanapunguza watu. Orodha ya kwanza inatoka mwezi huu. Mimi nilikuwa nakupigania wewe."

Baba akavua kofia yake akaipangusa, haikuwa na vumbi, akaivaa tena.

Mchana ule alitandika mkeka pale pale petu. Nane zile alikuwa amezitoa kwenye mota, mbili zimepasuka, sita nzima ila zina masizi. Akazipanga mstari. Akaleta gogo. Akamwita Kabula, akamwonyesha mkwaruzo mmoja, akamwuliza kama hizi ni zake. Nilikuwa nyuma ya mlango, na nawaambia ukweli, niliomba Mungu Kabula achapwe. Nilikuwa nimemharibia baba kazi, na bado niliomba hivyo.

"Alama ni yangu," Kabula akasema.

Hakusema ni zake, wala hakusema si zake. Baba akainama juu ya mkeka. Akachukua moja, akaifuta kwenye suruali, akaiweka juu ya gogo, akainua juani. Uzi wa mwanga, upande wa kulia. Akachukua ya pili. Uzi. Ya tatu. Alizipima zote sita, hata baada ya kujua. Halafu akasema nitoke nyuma ya mlango. Nikatoka nimeficha mkono wa kushoto mgongoni, kama kwamba angeukata.

Alinichuchumalia, uso wake ukawa sawa na wangu. Alinuka moshi na samli.

"Mayu," akaniambia. "Samli ni ya shingo ya ng'ombe."

Basi. Hakunipiga, hakuongeza. Na mimi, Mungu anisamehe, katika yote yale nilisikia lile neno moja tu. Nilimtazama Kabula kuona kama amelisikia. Alikuwa amelisikia. Alikuwa amekaza midomo, na machozi yanateremka yakichora njia nyeupe kwenye masizi ya mashavu yake, na nikajua kwamba kuanzia saa ile tuko sawa, kila mmoja ana lake la kumwonea mwenzake wivu.

Zile nilizoficha kwenye michembe nilizirudisha kwenye kopo kimyakimya. Zikachanganyika na zile sita, ambazo baba alikuwa amezikausha juani, akazikwangua na kuzitupia humo. Zote mkwaruzo mmoja.

Orodha ikabandikwa kwenye mlango wa ofisi ya stesheni, jina la baba la tatu. Injini ikapelekwa Mwanza ikivutwa na nyingine, na ile treni yetu fupi haikurudi, abiria wakaanza kupanda malori. Sijui kama ni kwa sababu ya zile kaboni nane au ingeondoka tu. Mambo mengi yalikuwa yanaondoka wakati ule. Baba alirudisha spana, akaweka sahihi. Siku kadhaa alikaa kibarazani akitazama shimo lililojaa maji ya mvua. Mama mdogo alimshauri warudi Zagayu walime, au anunue pamba kama walivyokuwa wananunua watu binafsi. Alikuwa anaitikia ndiyo, ndiyo, kama mtu anayeitikia redio.

Asubuhi moja akavaa shati lake la kazi, lile la bluu. Alikula kiazi cha baridi akiwa amesimama. Mimi na Kabula tulikuwa tunafagia uwanja, kila mmoja upande wake, maana tulikuwa hatusemeshani. Akachukua kopo, akatingisha, akatoa kaboni moja. Hakuipima juani. Akaitia mfuko wa shati akaufunga kifungo. Kabula mpaka anaingia kaburini alikuwa anasema ile ilikuwa yake, kwamba kidole cha baba kingeijua bila mwanga. Mimi nasema ilikuwa yangu. Tumegombana kwa hilo tukiwa wasichana, tukagombana tukiwa na wajukuu, tumegombana kwenye harusi na kwenye misiba, na sasa amekufa na gogo lake sandukuni sina wa kugombana naye.

Baba akasema anakwenda kuangalia njia, na hilo ndilo neno lake la mwisho kwetu. Akapanda tuta, akaanza kutembea juu ya mataruma kuelekea Malya, hatua moja taruma moja, bila mfuko, bila haraka, mkono mmoja umegusa kifuani pale kwenye kifungo. Sisi tulisimama na mafagio yetu, tukingoja tuone atamgeukia yupi. Hakumgeukia yeyote. Alipofika pale reli inapokata kona kwenye mbuga akawa mdogo kama kunguru, halafu palikuwa na reli tu.